Mapacha wa Corliss Pettway

Corliss Pettway alifua mashuka ya hospitali mjini Newark, Marekani, kwa miaka kumi na minane, na mbele za watu alilia kwa furaha mara moja tu. Ilikuwa siku ya bahati nasibu ya kupata nafasi katika shule ya mkataba, ile inayoendeshwa kwa fedha za umma lakini kwa sheria zake yenyewe. Lilisomwa jina la Tavia, bintiye. Kabla hajaketi, likasomwa la Demond, pacha wake. Wazazi waliokosa walimtazama kama mwizi.

Shule haikuwa na mchezo. Siku ilikuwa ndefu, Jumamosi masomo, shati ndani ya suruali, kwenye korido kimya. Na watoto walisoma kweli. Demond, ambaye walimu wa shule ya mtaani walikuwa wameshamkatia tamaa, alimaliza darasa la tano akisoma vitabu vinene na kumsimulia mama yake jikoni. Corliss akatamba kazini: "Wanangu hao, chuo kikuu moja kwa moja!"

Darasa la saba mambo yakageuka. Demond hakuweza kutulia. Amegonga kalamu mezani, alama mbaya ya nidhamu. Amecheka, alama mbaya. Amegeuka nyuma, arudishwe nyumbani. Ndani ya miezi miwili Corliss aliitwa shuleni mara tisa, hadi msimamizi wake kazini akamwambia, "Ukiondoka mara ya kumi, usirudi."

Mwalimu mkuu, Bi Hallworth, alimkaribisha kwa tabasamu.

"Hatumfukuzi mtu, Bi Pettway. Tunaona tu kwamba angestawi zaidi mahali pengine."

"Mahali gani? Si mnajua huko nje kulivyo?"

"Akibaki atarudia darasa. Na tutaendelea kukuita."

Akamsogezea karatasi ya kumwondoa mtoto kwa hiari ya mzazi. Corliss aliwaza kazi yake. Aliwaza Tavia, aliyekuwa wa kwanza darasani. Akasaini.

Kwenye gari Demond aliuliza, "Umesaini, mama?"

"Nimesaini."

"Hata kugombana nao kidogo hukugombana?"

Corliss aliwasha gari. Demond alirudi shule ya mtaani, kwenye darasa lililobadilishiwa mwalimu kila mwezi, na miaka mitatu baadaye akaacha kabisa. Akaajiriwa kupakia maboksi kwenye ghala katika mji jirani wa Elizabeth.

Tavia alipohitimu, Bi Hallworth alipanda jukwaani akapaza sauti, "Asilimia mia! Kila mwanafunzi wa darasa hili anakwenda chuo kikuu!" Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Corliss alihesabu viti vya wahitimu: ishirini na tisa. Darasa la tano walianza watoto sabini.

Demond, aliyeomba ruhusa kazini na kuja na maua, alimwinamia sikioni. "Mimi niko asilimia ipi, mama?"

Alikuwa akicheka. Corliss alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kwa sababu Tavia alistahili, na kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini kingine.

Picha yake na Tavia ilichapwa kwenye kijitabu cha kuwavutia wazazi wapya. Ndicho alichokuja nacho Renita, binti aliyeajiriwa karibuni pale kwenye kufulia.

"Shangazi, kumbe huyu ni wewe! Basi niambie ukweli, nimwandikishe mwanangu?"

"Mwenyewe yukoje? Mtulivu?"

"Thubutu! Kichwa kizuri, lakini kukaa chini hawezi hata dakika mbili."

Corliss alikunja shuka, akakunja la pili. Tavia alikuwa anasomea udaktari, na huo haukuwa uongo.

"Mwandikishe," alisema. "Wanafundisha vizuri sana."

Jina la Demond lilimfika mdomoni, akalimeza. Renita alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. Wiki iliyofuata Corliss aliomba ahamishiwe zamu asiyokuwamo Renita, na msimamizi alipomuuliza sababu, alisema ni mgongo.