Neno Ambalo Mnyapara Hakulitafsiri

Mnyapara wa shamba la mkonge karibu na Kigombe alikuwa mwenyeji wa huko huko, mtu mpole, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu umsogelee ndipo umsikie. Kila asubuhi alipita mistarini akiwashika wakataji viganja, na akiona mwiba aliung'oa kwa kucha zake huku akiuliza habari za nyumbani. Zebedayo, manamba aliyeletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, alizoea kumnyooshea mkono kabla hajaombwa. Zilipovuma habari za sheria ya kima cha chini cha mshahara, meneja aliwakusanya watu wote, na mnyapara akatafsiri neno kwa neno, mikono kaifunga nyuma. Mara akakatiza tafsiri, akamgeukia meneja, akasema kwa Kiswahili.

"Bwana, kwamba nyongeza ni ya wenyeji tu na manamba wabaki na mshahara wa zamani, hilo mimi sitalisema. Ukitaka, waambie mwenyewe."

Hakupaza sauti, lakini safari hii kila mtu alimsikia. Wenyeji ndio waliotangulia kuketi chini, panga mapajani, na manamba wakaketi kando yao. Meneja alitazama mashine iliyokuwa ikisubiri mkonge, akajikuna shingo, akanong'ona kitu.

"Anasema wote sawa," mnyapara akatafsiri, akawaruhusu warudi kazini.

Jioni Zebedayo alikwenda kwa mnyapara kuomba mahali pa kujenga jiko. Kwa nyongeza ile, sasa angeweza kumleta mkewe, Beatrisi.