Mafuta Katika Ini la Tata Kalala

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali hapa Kolwezi, daktari mkuu wa patholojia aliniketisha mbele ya hadubini. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha ini.

"Unaona nini, mama?"

"Matobo meupe, Docteur."

"Pale palikuwa na mafuta. Dawa zetu za kuandalia kioo zimeyayeyusha, nafasi imebaki."

Akanieleza kwamba seli ya ini hupokea mafuta, ikayachoma au kuyasafirisha. Yakizidi, huiumiza, na ini hufanya makovu. Katika kujijenga upya miaka na miaka, seli inaweza kupotoka. Iliyopotoka hujitengenezea mafuta yake, ikayatumia kujenga utando wa seli nyingine kama yenyewe. Hiyo ndiyo saratani.

Baada ya muda nilihamishiwa Kisenge, nikapima malaria na kifua kikuu, baadaye Fungurume, kisha nikarudishwa kwa daktari yule yule.

Ndipo alipolazwa Tata Kalala, yaani Baba Kalala, dereva wa lori na kiongozi wa kwaya katika mtaa wa Dilala. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Wazee wa kanisa walikwisha kumwondoa kwenye kwaya. Mkewe alinifuata maabara.

"Mama, bwana yangu hakunywaka pombe hata siku moja. Batu ba kanisa banasema pombe njo imekula maini yake. Muangalie muzuri, museme kweli."

Katika kipande cha ini lake tuliona saratani, na kando yake makovu na matobo meupe. Nikamwomba daktari awaambie wazee kwamba mtu huyu hanywi. Akatikisa kichwa.

"Hadubini haiwezi kula kiapo. Mafuta yanayoletwa na pombe na yanayoletwa na kisukari yanafanana."

Akaagiza vipimo vingine. Virusi vya homa ya ini havikuwepo. Kisukari kilikuwepo, cha muda mrefu, bila matibabu. Kwa ruhusa ya mgonjwa, daktari alikwenda mwenyewe kanisani, nami nikamfuata.

"Batata," aliwaambia wazee, "kisukari peke yake inaweza kuleta ugonjwa huu. Kama munataka kumuhukumu, musitumie maini yake."

Jumapili ile kwaya iliimba wodini. Tata Kalala hakuwa na pumzi ya kuimba. Alipiga mapigo kwa vidole juu ya shuka, nao wakamfuata. Hakumaliza mwezi.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaosomea kazi hii mtapata mashine tusizozijua. Andikeni mlichokiona, mkomee hapo; nyumbani kwa mgonjwa kuna watu wanaolisubiri neno lenu. Mimi na Mama Kalala hukutana sokoni. Hunishika mkono, kisha akaendelea na ununuzi wake.