Sekunde Tano za Bi Fumie

Mpaka anafikisha miaka hamsini na saba, hakuna mtu aliyewahi kumpima Fumie Kuwabara kwa saa. Aliyepimwa ni mumewe. Tatsuzo alikaa kwenye mashine ya kukereza, chini ya nyumba yao katika vichochoro vya Higashi-Osaka, akitengeneza pete za shaba za mitambo ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga. Fumie alikaa nyuma yake kwenye benchi dogo, ana tupa mkononi, akiondoa ncha kali zilizobaki kwenye pete. Katika karatasi za kampuni iliyonunua pete zao, kazi yake iliandikwa sekunde tisa kwa pete. Walizikisia mwaka ule walipoanza, binti yao Chizuru akiwa mgongoni analia. Sasa Chizuru ameolewa Nagoya, ana watoto wawili, na zile tisa bado zilikuwa palepale.

Vuli hiyo chakula hakikumshuka Fumie. Mashine ilikuwa imechoka. Ilitetemeka hata Tatsuzo akaichomekea makadibodi chini ya mguu mmoja, na katika kila pete mia, saba zilikuwa za kutupa. Benki ya ushirika ya mtaani ilikubali kuwakopesha wanunue mpya, nyumba ikiwa dhamana, kwa sharti moja. Bwana Onodera wa benki alikuja na baiskeli yake, akakaa kizingitini bila kuvua viatu, akalisema.

"Mama, mniletee barua ya bei ya mwaka ujao. Pete ikibaki yen thelathini na nane, mashine mnayo. Ikiwa thelathini na sita, nitapigana na wakubwa zangu. Chini ya hapo, tafadhali, msinitie aibu."

Na bei ilitokana na saa. Kila vuli kampuni ilimtuma mtu "kuvisaidia viwanda vidogo kuongeza ufanisi". Ukimwonyesha kwamba umepata njia ya haraka, anakushukuru, anakuinamia, kisha bei inashuka. Ndiyo adabu ya wakubwa, wanakukamua huku wameinama. Kichochoro kizima kililijua hilo. Lakini mwaka uliopita Tatsuzo alisifiwa kidogo tu, kichwa kikamvimba, akamwaga mbwembwe zake zote mbele ya mgeni. Yen mbili zikaenda.

Kwa hiyo safari hii Fumie alimfundisha mumewe kuchelewa. Wiki nzima alisimama pembeni ya mashine kama mwalimu wa chekechea.

"Kabla hujachukua nyingine, hesabu moja, mbili. Halafu ndiyo uchukue."

"Mama Chizuru, mkono unakwenda wenyewe."

"Uzuie! Ni mkono wako au wa jirani?"

"Nitakuja kuhesabu hata nikiwa chooni."

"Hesabu popote unapotaka, ilimradi Alhamisi, mtu wa kampuni akija, uhesabu."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nitakuwa na chai yangu. Nani ananipima mimi?"

Alhamisi, Bwana Segawa wa kampuni alifika saa nne kamili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imenyooka, viatu amevipanga mlangoni vikitazama nje. Aliuliza hali ya mgongo wa Tatsuzo, akauliza wajukuu, akatoa boksi la biskuti. Kisha akaichomoa ile saa ya kupimia.

Tatsuzo akaanza. Fumie aliweka chai ya shayiri mezani, akarudi nyuma, akatazama. Sekunde kumi na nne. Kumi na nne. Midomo ya Tatsuzo ilicheza kidogo, moja, mbili, na Fumie akaomba kimoyomoyo Segawa asiitazame midomo hiyo. Kumi na mbili! Mungu wangu, amesahau. Kumi na nne tena.

"Kuna kiwanda ng'ambo ya mto," Segawa alisema taratibu, "wanafanya kwa kumi."

Shingo ya Tatsuzo ikawa nyekundu. Fumie aliijua shingo hiyo. Aliogopa kwamba sasa hivi mzee atasema, kumi si kitu, tazama hapa. Lakini Tatsuzo alimeza, akasema, "Vijana hao. Sisi tumezeeka," na akaendelea kuhesabu.

Ilikuwa nusu saa ndefu. Chai ilikwisha kumiminwa, na mke wa nyumba hawezi kusimama mbele ya mgeni mikono mitupu, ni aibu. Tena Fumie ni mtu ambaye hofu yake hukaa vidoleni. Trei ya pete ilikuwa hapo. Akakaa. Macho yake hayakumwacha Tatsuzo, masikio yalikuwa kwenye mashine, moja, mbili, kumi na nne, vizuri baba, hivyohivyo. Mikono yake ikashika tupa, ikafanya ilivyofanya kwa miaka thelathini. Nyani haoni kundule.

Alizinduka aliposikia kimya. Tatsuzo alikuwa amezima mashine. Segawa alikuwa amesimama kando ya benchi, saa mkononi, mdomo wazi.

"Tano," alisema. "Tano. Tano na nusu. Bi Fumie, kwetu imeandikwa tisa!"

Fumie akataka kupunguza mwendo. Lakini kupunguza pale, mbele ya macho yale, kungekuwa kukiri. Pete ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa Segawa. Kijana akaiokota kwa mikono miwili.

"Nimezunguka viwanda mia mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli, hakuwa mnafiki. "Sijaona mikono kama hii." Akainama chini kabisa.

Segawa akaondoka. Tatsuzo akafungua biskuti, akala moja, akasema, "Wiki nzima unanifunga mimi kamba. Kumbe farasi wa kutoroka ni wewe."

Fumie alijaribu kucheka, akalia.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Sekunde nne za Fumie zilikuwa zimetolewa: yen thelathini na tano. Bwana Onodera aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Yen moja tu, mama," alisema. "Laiti ningekuwa na yen moja zaidi." Akapanda baiskeli yake. Tatsuzo akakata kadibodi nyingine, akaichomeka chini ya mguu wa mashine.

Kesho yake asubuhi alikuja Bi Ogishi wa nyumba ya mkabala, ajuza wa miaka sitini na sita ambaye naye alikwangua pete za kampuni ileile. Kila siku ya maisha yake Bi Ogishi alipaza sauti kutoka ng'ambo ya kichochoro, "Mnapata?" na Fumie akamjibu, "Kidogokidogo!" Siku hiyo hakusalimia. Alikuwa na karatasi ya kampuni iliyopelekwa kwa viwanda vyote. Kukwangua, sekunde tano, kwa mfano wa kiwanda cha Kuwabara.

"Ni wewe huyu?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

Fumie alingoja matusi. Aliyastahili, alijua. Bi Ogishi aliitazama mikono yake mwenyewe, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, akavuta kigoda.

"Basi nifundishe."

Fumie akampa tupa yake mwenyewe, ile nyepesi. Akamshika kiwiko, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha pete badala ya kuzungusha tupa. Kisha akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano. Pete ilikuwa haijafika hata nusu.

"Tena," alisema Bi Ogishi.

Fumie akaanza upya. Moja. Akangoja. Mbili. Akangoja zaidi, akitazama vile vidole. Alihesabu polepole, polepole sana, mpaka pete ikaisha kwenye tano.