Sinema Yenye Harufu ya Kafuri

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Barani, kafuri ilikuwa harufu ya sinema. Najua mwenzangu unayesoma utaguna, useme huyu naye vipi, kafuri si ya maiti? Ya maiti, ndiyo. Lakini ngoja nikueleze.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Wataliani hapa Malindi. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achukue anachokitaka stoo. Wenzake wakabeba vitanda, masufuria na mafeni. Yeye akarudi na mkokoteni, na juu ya mkokoteni pana mashine ya sinema, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na mikebe michache ya filamu. Mama alimngojea mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Twalibu, wenzako wameleta vitanda, wewe waniletea cherehani?"

"Si cherehani hiyo. Hiyo itakujazia nyumba watu."

"Watu! Na hao nitawalaza wapi?" Na kweli, sisi watoto tulikuwa twalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule.

Nyumba ikajaa kweli. Kila Ijumaa baada ya isha, watoto wa mtaa mzima walimiminika uani kwetu na mikeka kwapani. Walikuja na vumbi lao la kucheza kibe tangu alasiri, na mabuyu, na kachiri za mhogo zilizofungwa kwa karatasi ya gazeti, na achari ya maembe iliyowachoma midomo hadi ikawa myekundu. Mimi nilikuwa na kijimkeka changu, na mahali pangu ni mbele kabisa. Atakayenikalia pale tutapigana.

Filamu zenyewe zilikuwa zile zile. Moja ya watu wakiteleza juu ya theluji, moja ya wapanda farasi ambayo mwisho wake ulikuwa umekatika, na moja ya harusi yenye bibi arusi anayelia. Zote kwa Kitaliano. Mfasiri ni Baba, na Kitaliano chake alikuwa amekiokota jikoni. Mpanda farasi akimkaripia mwenziwe, Baba hutwambia, "Anasema chumvi imezidi." Bibi arusi akilia, "Anasema wali umeungua." Tuliamini, wallahi. Nilikua nikijua kwamba Ulaya watu hutoleana bastola kwa ajili ya chumvi.

Na picha haikutulia hata siku moja. Mara itoke kichwa chini, sote tuiname tuchungulie kati ya miguu yetu. Mara irukeruke. Mara unywele ung'ang'anie kwenye lenzi, ucheze shavuni mwa bibi arusi kama mguu wa mende. Umeme ukipungua, taa nayo inafifia, na wapanda farasi wanageuka vivuli. Hapo ua mzima hupiga kelele, "Fokasi! Fokasi!" Baba hakuwa mtu wa kuharakishwa. Aliondoka nyuma ya mashine, akaja mbele polepole, akatazama ukuta. Ukuta kwanza, mashine baadaye. Alikuwa na msemo wake: "Usimlaumu msemaji kabla hujamtazama msikilizaji." Ndipo arudi, apulize lenzi, aifute kwa pindo la kikoi.

Ukuta wenyewe ndio uliotuletea kafuri. Wa uani kwetu ulikuwa wa mawe, chokaa imebambuka, na siku ya kwanza kila mtu aliyetokea pale alikuwa na makovu ya ndui. Tukajaribu shuka, lakini shuka zote za nyumba ile zilikuwa na maua, na bibi arusi akaota waridi kwenye paji la uso. Watu wakacheka, Baba akanuna. Bibi yetu, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi, akainuka, akaingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa amekumbatia bafta, nyeupe pe, imekunjwa kwa mikunjo mizuri.

 Kila mtu alijua ni bafta gani. Wazee wa kike wa zama zile walijiwekea sanda zao sandukuni, pamoja na kafuri na vipande vya udi, ili siku yao ikifika wasimsumbue mtu.

"Mama, hiyo jamani..." Mama yangu akaanza.

"Mimi bado nala mihogo," Bibi akasema. "Hiyo yakaa bure. Tungikeni, nione hao wanaoteleza."

"Mama, sanda tena?" Baba alikuwa amerudi nyuma hatua.

"Sanda haimwiti mtu. Ingekuwa yaita, muuza bafta angekufa wa kwanza."

Ikatungikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Lo! Picha ilivyotoka siku ile, hata nyusi za bibi arusi ungezihesabu. Upepo ukija, bafta yote hutuna na kunywea, na ile kafuri hutujia sote pale mikekani. Tangu hapo kila Ijumaa ikawa hivyo. Ikiisha filamu, Bibi huikunja mwenyewe. Mkono wa mtoto haukugusa.

Kisha siku moja nikatoka chuoni, nimebeba juzuu yangu kifuani, nikaikuta nyumba imejaa. Mikeka imetandikwa, watu wengi, na kafuri imetanda hadi kibarazani. Mimi nikafurahi. Nikapita mbio kati ya miguu ya watu, nikachukua kijimkeka changu, nikakimbilia uani kukaa mbele. Mama akanidaka mkono. Akaninyang'anya mkeka, akanikandamiza uso kifuani mwake. 

Sinema ikaishia hapo. Tulipomwuliza Baba, alisema shuka hakuna tena. Mashine ikaliwa na kutu ya chumvi pale stoo, na Baba mwenyewe, miaka mingi baadaye, akamfuata mamake.

Baba hakupenda kupigwa picha. Aliyezoea kukaa nyuma ya mashine humpati mbele yake. Mahali pekee anapoonekana akitembea ni kwenye mkanda wa harusi ya kaka yangu Twalibu. Mwaka huu Mama alipougua, hakutaka tende, hakutaka supu, hakutaka safari ya Mombasa kwa daktari mwingine. Alitaka amwone Baba. "Mwanaisha, nitamwona lini?" Asubuhi swali hilo, jioni swali hilo. Twalibu akautia ule mkanda kwenye flashi, tukampa kwenye simu, Mama akaisogeza, akaisogeza tena, akairudisha. "Hapa naona sisimizi tu." Macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Na daktari alikwisha kutuita kando akatuambia kwamba kama kuna jambo tunalotaka kumfanyia, tusilichelewe.

Ndipo Twalibu akaja na projekta, mpya, ndogo mithili ya mkebe wa biskuti. Tukaiwasha alasiri, chumbani kwa Mama. Wifi yangu alikuwapo, na watoto wao wamejipanga ukutani, kila mmoja ameinamia simu yake kama mgonjwa na dripu yake. Sisi tungeliona chombo kama kile tungelilala nacho. Wao hata kichwa hawakuinua.

Picha ikatoka hafifu. Tukatungika kanga madirishani kuzuia jua. Ikabaki na ukungu, Twalibu akazungusha fokasi huku na huku hadi jasho likamtoka, mpaka wifi akagundua ile nailoni ya dukani ingali imebandikwa kwenye lenzi. Mama akacheka, akakohoa. Ukungu ukatoka, lakini picha ikawa pana juu, nyembamba chini. Nikaenda jikoni nikaleta mbuzi ya kukunia nazi, tukaikalisha projekta juu yake, ikakaa sawa. Basi harusi ikaanza, vigelegele tele, na baada ya muda Baba akatokea.

Mama akainua mkono. "Huyu si yeye."

"Ndiye, Mama."

"Baba yenu hakuwa na rangi ya pilipili boga."

Na alikuwa kijani kweli, uso na kanzu. Twalibu akabonyeza hiki na kile, akaongeza mwanga, akapunguza, akaanza kuilaani projekta na aliyeiuza. Mama, pale kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Babenu alisemaje?"

Tukatazama ukuta. Mwenyewe Mama alikuwa ameupaka kijani, akiupenda, tangu Baba yu hai. Nikafungua kabati la shuka. Maua, ndege, mistari, simba. Dukani siku hizi wauza simba tu. Niligeuka nikakuta Mama anakitazama kisanduku alichojiwekea juu ya kabati, nikajua analotaka kusema, nikamwahi.

"Sikifungui hicho kisanduku, Mama."

"Nipe ufunguo basi, nifungue mwenyewe."

"Twalibu atakwenda mjini sasa hivi anunue nyeupe. Kesho tutaangalia."

"Kesho ya nani?"

Niliona hasira, nakwambia. Nilimkasirikia mama yangu mgonjwa, nikamwambia anataka kuniua mimi kabla yake. Hakunijibu kwa hasira. Alinishika vidole. "Mwanaisha. Sanda haimwiti mtu. Ingekuwa yaita..." Hakuwa na pumzi ya kumaliza.

"Muuza bafta angekufa wa kwanza," nikammalizia, na machozi yakanitoka.

Nikafungua. Harufu ikajaa chumba kabla sijaikunjua. Wale watoto ndipo walipoinua vichwa, mmoja akaniuliza, "Shangazi, ni nini hiyo?"  Tuliibandika ukutani kwa pini za buibui langu, Twalibu ncha moja, mimi ncha nyingine, hatutazamani.

Na Baba akatokea. Kanzu nyeupe, uso wake mweusi wenye kung'aa, kikofia kimeegemea sikio. Yuko kwenye masufuria ya pilau, amemsukuma mpishi kando, ameonja, na sasa anasema kitu kwa ukali huku akipunga mwiko. Sauti yake haisikiki, ngoma imemzidi.

Mama akajiinua kwa viwiko. "Ndiye," akasema. Kisha akasema, "Anasema chumvi imezidi."

Alicheka mpaka tukamshika mgongo, halafu akalia, nasi tukalia naye. "Rudisha," akasema. Twalibu akarudisha. Baba akaonja tena, akagomba tena, Mama akamjibu kabisa, akamwambia, "Wacha watu wapike, mume wangu, njoo uketi." Rudisha. Tuliendelea hivyo hadi adhana ya magharibi. Kisha Mama akataka bafta yake, akaikunja mwenyewe pale kitandani, polepole, akinikataza nisimsaidie.

Haikukaa sana sandukuni.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Walipoikunjua ile bafta niliona matundu ya pini zangu pembeni, nikayapitisha kidole. Na kafuri ilipovunjwavunjwa na kunyunyizwa, basi, jamani, nitasema kweli: kwa pumzi moja tu, moyo wangu mzee ulifurahi. Uliruka kama wa mtoto. Ulidhani sinema yataka kuanza. Kisha pumzi ya pili ikaja, na hapakuwa na mtu wa kunidaka mkono.

Siku hizi hakuna anayeweka. Wifi yangu aniambia sanda wauza tayari, imekatwa, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni, mtu hutuma kijana akaichukua siku yenyewe. Sanda yenyewe sasa hainuki kitu. Na kuta zimepakwa kila rangi, na watoto watazama kila mtu lake, kimya, picha ikiharibika hakuna hata mmoja wa kumpigia kelele. Enzi zetu picha mbovu ilikuwa mbovu ya ua mzima.

Twalibu alitaka kuupaka ukuta wa Mama rangi nyeupe, projekta ipate pake. Nimemwambia auache kijani chake. Wiki iliyopita nilishuka mjini nikanunua bafta yangu, nikaikunja, nikaitia kwenye lile sanduku pamoja na kafuri. Kisha nikawaita wanawe, nikawavua simu mikononi, nikawaonyesha. Nimewaambia siku watakapotaka kuwaona babu na bibi yao, na ukuta ukiwashinda, waje wafungue. Mimi bado nala mihogo.