Maombi Tuliyoyafuta Yako Mikononi mwa Nabii

Ninyi wa ukurasa huu, jina langu mulifunike vizuri, na la mwanangu pia, kwani naye anawasomaka. Miye ni mama wa miaka arobaini na tisa, mujane, ninashona nguo hapa Kamalondo. Masomo yangu yaliishia njiani, lakini kuomba ninajua. Kanisani kwetu miye ndiye mukubwa wa mama waombezi.

Kanisa letu liko na site kwenye internet. Mutu mwenye shida anaandika ombi lake pale, na siye waombezi tunalisoma kwenye telefone, tunafunga, tunaomba. Tukimaliza, tunalifuta. Ombi likishafika mbele ya Mungu, halipashwi kubaki mbele ya watu. Na watu waliandika, jamani! Mambo ambayo hawakumwambia hata bwana wa nyumbani.

Miye pia niliandika. Mutoto ninayemwita mwanangu, tuseme Mireille, hakutoka tumboni mwangu. Ni wa mudogo wangu. Wanaume walimuvamia njiani akitoka shambani, akapata mimba, akazaa, akafa. Nilimupokea Mireille angali mwekundu, na mpaka leo hajui kitu. Niliandika yote, nikaomba Mungu anipe kinywa cha kumwambia siku moja. Ila kwa woga, mahali pa jina la mudogo wangu nikaweka jina la uongo: Béatrice. Kwa jamaa yetu hatujakuwa na Béatrice hata mumoja.

Aliyechunga site ni baba mumoja wa kanisa, nimwite Ndugu Félix. Kuna wakati site ilianguka, ukifungua unaona weupe tu. Félix akairudisha nzima, tukamupigia vigelegele. Lakini nilipofungua telefone, maombi tuliyoyafuta zamani yalikuwa yamerudi, na langu kati yao. Nikamukimbilia.

"Ndugu Félix, si ile nilifutaka?"

Akacheka. "Mama, weye ulifuta ku site. Miye kila juma nakamataka sauvegarde: kopi ya site, na kopi ya base de données, pale kwenye maneno ya bantu yote iko. Naiweka mu disque yangu ku nyumba. Bila ile, leo tungelia."

"Na ile ya ku disque, nani anaifutaka?"

"Aah, Mama! Sauvegarde haifutiwake. Njo kazi yake."

Nikamushukuru. Nikafuta ombi langu tena, nikarudi kwenye mashine yangu ya kushona, lakini moyo haukutulia.

Baadaye Félix akagombana na pasta. Akahama, akamufuata Nabii mumoja aliyefungua mahali pa maombi kule Annexe. Siye tukabadilisha mot de passe, lile neno la siri la kuingilia site, tukaona tumefunga mulango. Disque, hakuna aliyeiuliza.

Kisha habari ikaanza kutembea kwamba Nabii yule anaona. Mama mumoja wa kwetu aliambiwa mbele ya watu juu ya dawa anazozificha ndani ya unga. Alianguka chini, na alipoamuka hakurudi kwetu tena. Akafuata mwingine, na mwingine. Mireille naye akaenda, kwani ndoa yake iko karibu, alitaka baraka.

Alirudi uso unang'aa. "Mama, Nabii aliniona! Anasema nyuma yangu kuko ba mama babili, moja iko nalia. Jina yake Béatrice. Béatrice njo nani, Mama?"

Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaunguza nguo ya mutu.

Ndugu zangu, Mungu aliyemuumba mudogo wangu anajua jina lake. Hawezi kulikosea. Jina lile la uongo nililiandika mahali pamoja tu.

"Simujue," nilimujibu.

"Bon, Nabii atamaliza siku ya Mungu, Jumapili hii, mbele ya bantu bote, akate laana ku ndoa yangu. Anasema na weye ukuye kule."

Nikaenda kwa Félix. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ile maombi mulitumaka kwa nani? Si kwa Mungu? Sasa kama Mungu anapita mu disque, miye nani nimukataze?" Halafu akashusha sauti. "Na usiende kusema-sema, Mama. Mu kopi kuko ya bote. Ata ya pasta wenu."

Akanisindikiza mpaka barabarani. "Unisalimie Mireille. Akae ku banc ya mbele."

Pasta nilimugusia. Akasema, "Tuombe tu, Mama." Hakuniangalia machoni. Na kuomba kwenyewe, tangu siku ile nikipiga magoti ninafunga midomo, kama kwamba kuna mutu nyuma yangu anayekamata maneno.

Nikimwambia Mireille ukweli, atasema: kumbe Nabii aliona kweli. Habari ya kopi hataisikia. Atamufuata yule mutu maisha yake yote. Nikinyamaza, atasikia kwenye micro ya kupaza sauti, wakwe zake wakiwa wamekaa pale, namna mama aliyemuzaa alivyotendewa. Nikisimama kanisani niseme kila kitu, Félix atamwaga siri za wamama walioniamini, na wengine waume zao nawajua, hawatawaacha salama.

Ninapoandika haya, Mireille yuko upande wa pili wa pazia, anajaribu nguo ya siku ya Mungu, anaimba. Anauliza kama nami nimechagua ya kuvaa.

Ninyi muliolea watoto wa ndugu zenu, munishauri haraka. Nimwite sasa hivi? Na nikimwita, neno la kwanza liwe lipi?