Wito Niliotangazia Kanisa Nzima

Mutanicheka, najua, hata dada yangu anacheka mpaka leo, lakini mimi nikikumbuka ile misa natamani kujificha chini ya kitanda.

Nilikuwa muchumba wa Furaha, binti wa mutaa wa Ndosho, muimbaji wa korali yetu, mahari ilishafika kwao, ila ndani nilikuwa na swali lenye lilinisumbua tangu utoto: labda Mungu ananitaka upadri. Nikaenda kwa padiri mumoja, muzee wa sauti ya chini, akakubali kunisaidia kutambua wito. Tulikuwa tunakaa kimya, tunasali, kisha ananiuliza moyo unaelekea wapi. Akanionya: “Mutoto wangu, usikate neno wakati moyo unatetemeka.”

Basi mulima wa moto ukapasuka. Tulikimbia njia ya Sake, mama na godoro kichwani, mimi na sufuria ya maharagwe (sijui kwa nini maharagwe), nyuma yetu mbingu nyekundu, na mule ndani ya watu nikamuahidi Mungu: nyumba yetu ya Murara ikipona, nitakuwa padiri. Tuliporudi, moto ulikuwa umekula nyumba ya jirani, ukasimama kwenye ukuta wetu.

Ingetosha niende kwanza kwa ule muzee. Nikaona haina haja (moyo ulijaa, munaelewa), na Dimanche, ile Jumapili ya misa ya shukrani, walipoita watu wa ushuhuda nikapanda mbele, nikashika mikro, nikasema Mungu ameniita. Mama akapiga vigelegele, wamama wengine wakatandika vitenge chini nivikanyage, watu wakaanza kuniita Abbé, sawa padiri tayari, na mimi nikawabariki kwa mukono, nawaambia ukweli, nikawabariki. Ndipo nikaona Furaha katikati ya korali, kitabu cha nyimbo amekifunga. Sikuwa nimemuambia. Papa yake akasimama, akamushika mukono, wakatoka kwa mulango mukubwa, na vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Kisha nikarudi kwa padiri, akanisikiliza bila kunikaripia. “Jirani yako naye alisali,” akasema. “Nyumba yake iko wapi?”

“Moto uliikula.”

“Ni woga ulisema, mutoto wangu. Mungu, wewe haukumungoja.”

Nikaenda Ndosho. Furaha alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua macho.

“Mimi nilijua pamoja na kanisa nzima,” akasema. “Usiniombe musamaha hapa jikoni.”

Kwa hiyo Dimanche yenye ilifuata nikashika mikro tena, nikasema nilikosea, nikaomba musamaha mbele ya wote. Furaha hakurudi. Aliolewa Bukavu. Na upadri nao, kila nikikaa kimya kuutafuta, ninaona haya mbele ya Mungu, ninasimama kabla sijasikia kitu. Sikuoa, sikuingia seminari. Niko tu.

Miaka ikapita, kisha waasi wakakaribia muji, tukawa tena barabarani, pamoja na watu wenye walishuka kutoka kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya, mabomu yanalia nyuma, na kila mutu pembeni yangu anamuahidi Mungu kitu. Mama, amezeeka sasa, akanivuta shati.

“Na wewe, haumuahidi?”

“Hapana, mama. Nikiwa nakimbia, siahidi tena. Hata kidogo.”

Akanitazama kwa huruma, akafunga macho huku tunatembea, akaanza kuahidi kwa jina langu.