Seni Alipolala Chali

Hata leo, akinusa mpunga unaokaribia kuiva, Roza hujikuta akitabasamu peke yake. Harufu ile humrudisha bonde la Usangu la miaka ya sabini, walipokuwa ndiyo kwanza wamehama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, yeye na mumewe Nkuba, mama mkwe na watoto. Nyumba ilikuwa ya udongo, maziwa yalikuwa tele, na mwanawe Seni, mwenye miaka sita, alikuwa hawezi kutamka k.

Kwa Seni, kuku alikuwa tutu, na kaka alikuwa tata. Nyumbani walimzoea. Lakini watoto wa malishoni, Mungu awasamehe, walimtungia wimbo, wakawa wanamwimbia kutwa. Seni akaanza kunyamaza. Akitaka maji, alinyoosha kidole tu. Kidole hicho kilimchoma Roza kuliko huo wimbo.

Mama mkwe, Bibi Kashindye, alikuwa na dawa yake. Ng'ambo ya mto aliishi Mzee Saulo, fundi wa kuwakata watoto wasiotamka vizuri, kwa wembe, uzi wa chini ya ulimi.

"Ulimi wake umefungwa," alisema Bibi. "Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo, hakukatwa. Alichekwa mpaka akazeeka bila mke. Sitaki kuyaona tena hayo."

Roza alikuwa amemwona mtoto wa jirani akitoka kukatwa, damu imelowanisha shati lote, na mwili umelegea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mkwe ni mkwe, humwambii hapana mchana kweupe.

"Mama, naomba tuvune kwanza," alisema huku amepiga magoti.

"Haya. Mpunga ukiingia ndani, Saulo anakuja."

Basi Roza akaanza kazi ya ualimu asiyoijua. "Sema kuku." "Tutu." "Kuku!" "Tutu!" Alipaza sauti kana kwamba mtoto ni kiziwi, mwisho wakawa wanalia wote wawili. Akaacha.

Mpunga ulipoanza kutoa punje, alikwenda naye shambani kuwinga ndege. Walikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, Roza akirusha udongo kwa kombeo na Seni akigonga kopo. Siku moja jua likawa kali, Seni akachoka, akajilaza chali na kuchungulia angani. Kundi la ndege likapita juu yao.

"Kule, mama! Kule!"

Kombeo likamdondoka Roza mkononi. "Umesemaje?"

Seni akainuka kumwonyesha. "Tule!"

"Lala tena, baba. Lala hivyo hivyo. Ndege wako wapi?"

"Kule."

Roza hakuwa msomi, lakini macho alikuwa nayo. Naye akajilaza, akalisema neno lile, akausikia ulimi wake ukirudi nyuma kooni. Akaelewa. Mtoto akilala, ulimi unarudi wenyewe. Akikaa, unakimbilia kwenye meno. Mchana ule mama na mwana walilala chali wakitaja kuku, kaka, kiko, kikapu, wakicheka mpaka dungu likatikisika. Ndege nao walikula wakashiba, na Roza hakujali.

Tangu hapo hawakukosa siku. Tatizo likawa moja tu, nalo lilimnyima raha: k ile ilikubali kutoka mtoto akiwa amelala. Akisimama, tutu ni yule yule. Na mpunga haungoji mtu. Ukaiva, ukakatwa, ukapigwa, ukaingia ndani.

Mzee Saulo alifika na baiskeli, wembe mfukoni. Bibi Kashindye akaita, "Seni! Njoo umwamkie mgeni."

Seni alisimama katikati ya uwanja. Akamtazama mama yake, akamtazama mgeni. Kisha akajilaza chali kwenye vumbi, katikati ya kuku, na kusema kwa sauti:

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba!" Mzee Saulo alishangaa. "Nyie Wasukuma mna heshima jamani! Nilijua mnapiga magoti tu."

Bibi Kashindye hakucheka. "Inuka, useme tena."

"Shitamoo."

"Lala."

"Shikamoo."

Roza alikuwa ameshika nguzo ya nyumba. Bibi alimwangalia mjukuu wake, akamkumbuka mdogo wake, na macho yake yakalengwa na machozi.

"Kilichofungwa hakifunguki kwa kulala," alisema mwishoni. "Ulimi huu haujafungwa, umepotea njia tu. Saulo, utakula wali na kuku, kisha uende na wembe wako."

Ikabaki kumwinua mtoto kidogo kidogo: leo ameegemea gunia, kesho ameegemea ukuta, mpaka akaketi, mpaka akasimama. Msimu uliofuata Seni alipiga kelele juu ya dungu kuliko ndege wenyewe, na wale wa wimbo wakakosa la kuimba.

Jioni moja Roza alikuwa anafungia kuku. Nyumba ilikuwa imejaa maneno ya Seni, yote yamenyooka, na ghafla akashikwa na hamu asiyoitarajia.

"Seni," alisema, "hebu mwitie mama yule tutu pale."

Mtoto akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima.

"Mama, siyo tutu. Ni kuku. Ukishindwa, lala kwanza."

Roza alicheka. Kisha akageukia bandani, ili mtoto asimwone akilia.